Mkaguzi Aliyeuliza Mwokozi Anataka Nini

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa pili kati ya watatu. Hiyo ndiyo tarehe iliyomo katika kadi yake ya kliniki, na ndiyo iliyochapishwa kwenye jalada la ratiba mliyonayo mikononi, ingawa yeye mwenyewe hakuiamini hata siku moja. Mama yake alikumbuka kwamba alijifungua siku ya soko, na tarehe 14 mwaka ule haikuwa siku ya soko. Marehemu aliamua kwamba muuguzi alinakili tarehe ya mtoto aliyetangulia, akaona uvivu kuibadilisha. Kila mwaka familia ilipomwimbia wimbo wa kuzaliwa, alikata keki, akala, akasema anakula kwa niaba ya mtoto wa watu.

Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la nafaka, mtu wa kufunga mlango, kuondoka, na kurudi kuusukuma. Mama yake alishona sare za shule sebuleni, naye alikuwa kinyume kabisa cha mumewe. Alimwamini kila aliyebisha hodi, akiwamo bwana mmoja aliyeazima cherehani kwa wiki moja na ambaye hajarudi hadi leo. Hatuna haja ya kueleza marehemu alimfuata nani. Akiwa bado mdogo wa kusimama juu ya kigoda ili afikie meza ya jikoni, alimwomba mama yake asitupe vya ndani vya kuku kabla hajaviona. Aliulizwa anatafuta nini. Alijibu kwamba hajui, ila kuku yule alikuwa ametulia mno tangu juzi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965, kisha sekondari ya wasichana, ambako mwalimu wa hesabu aliandika katika ripoti kwamba ana akili lakini haamini majibu yaliyo nyuma ya kitabu. Ripoti hiyo ilisomwa nyumbani kwa kicheko kwa miaka mingi. Ni haki kuongeza kwamba katika ubishi wake wote na kitabu kile alishinda mara moja tu. Mara nyingine zote kitabu kilikuwa sahihi, naye alikubali, lakini baada ya kurudia hesabu mwenyewe kutoka mwanzo. Mwaka 1977 alijiunga na chuo cha mifugo na mwaka 1979 alihitimu cheti cha ukaguzi wa nyama, mwanamke pekee katika darasa lake.

Tarehe 1 Oktoba 1979 aliripoti kazini katika machinjio ya manispaa, na hapo alikaa mpaka alipostaafu Agosti 2017. Wengi wenu mnajua machinjio kwa harufu tu, mkipita nje. Ndani kuna ukumbi mrefu wa saruji, mifereji miwili ya maji sakafuni, na reli juu yenye ndoano ambazo mizoga huning'inizwa na kusukumwa. Kazi ya mkaguzi ni kusimama mwisho wa reli hiyo kwa buti za mpira na aproni, kupasua tezi za shingo, kukamua mapafu, kukata ini na kulitazama, kisha kugonga muhuri wa wino wa zambarau au kukataa. Kwa sababu alianza daima na tezi za shingo, wachinjaji walimwita Mama Tezi hata kabla hajawa mama wa mtu. Wageni waliposikia jina hilo walimtazama shingoni kwa siri. Yeye aliwaona, akainua kidevu ili wapate nafasi nzuri zaidi.

Kulikuwa na utaratibu kwamba nyama iliyokwisha kugongwa muhuri na mkaguzi mwingine haikatwi tena. Yeye aliikata. Wenzake walinuna, mkubwa wake akamwita ofisini, naye akasema hana ugomvi na mtu yeyote, ila jina litakaloulizwa mtu akiugua ni la aliyeiona mwisho. Alikuwa hivyo pia kwa zawadi. Mtu akimletea hata mkungu wa ndizi, hakuuliza umelimwa wapi wala kama umeiva. Aliuliza, "Anataka nini?" Kama hakuna aliyeweza kumjibu, mkungu ulirudi ulikotoka. Swali hilo tunaliandika hapa kwa makusudi, maana ndilo lililomkalisha karibu maisha yake yote nje ya jambo moja.

Alimpata mume kazini. Mwanzoni mwa mwaka 1985 manispaa ilituma fundi wa vioo abadilishe madirisha ya ofisi ya wakaguzi. Marehemu alimwomba amwonyeshe unene wa kioo kabla hajakipachika. Fundi hakukasirika. Alimpa kioo akishike, akampa na rula. Kilikuwa na unene uliokubaliwa. Akamwambia, "Na vile vingine pia upime, usije ukalala vibaya." Alivipima vyote.

Fundi alipomchumbia, hakumjibu kwa muda. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa akimchunguza. Hakwenda kwa rafiki zake wala kwa ndugu zake, kwa sababu, alisema, hao watamsifu hata kama ni jambazi. Alimtafuta msichana aliyewahi kumkataa fundi huyo, akamkuta akianika nguo, akamwuliza bila kuzunguka kwa nini alimkataa. Msichana alisema fundi ni mwema, hana neno, ila hakumpenda tu, na kwamba nduguze wanasema anakoroma. Marehemu alirudi nyumbani akasema ushahidi wa mtu asiye na sababu ya kukusifu ndio ushahidi. Walifunga ndoa kanisani tarehe 13 Septemba 1986 na wakajaliwa binti mmoja. Ya kukoroma yalikuwa kweli. Alimwita mumewe Fundi mpaka siku ya mwisho, naye mumewe alimwita Mama.

Linalofuata ndilo ambalo baadhi yenu mmekuja kulisikia, kwa hiyo familia imeomba lielezwe lilivyokuwa, bila kupambwa.

Tangu Jumapili ya kwanza baada ya harusi, marehemu alikwenda kanisani na mumewe. Alikaa benchi la mwisho, upande wa mlango. Aliimba, aliinama wengine walipoinama, alishika ufagio siku za usafi. Lakini ilipoandaliwa meza ya Bwana, mumewe alikwenda mbele naye akabaki amekaa, mkoba mapajani. Ilikuwa hivyo kwa miaka thelathini na sita. Hapakosi mtu wa kueleza jambo kama hilo. Wapo waliosema ana dhambi kubwa aliyoificha. Wapo waliosema ana dini nyingine anayoifuata kwa siri. Mama mmoja wa kwaya alisema amezoea damu ya ng'ombe mno hata damu ya Mwokozi haimshtui. Familia inapenda kueleza kwamba hakuna hata mmoja wa watu hao aliyemwuliza mwenyewe.

Aliyemwuliza ni mchungaji wa zamani, ambaye sasa amestaafu. Alikwenda nyumbani kwao, akapewa chai, akamweleza kwamba Mwokozi ni mwana-kondoo asiye na doa, aliyetolewa kwa ajili ya wenye doa. Marehemu akamwuliza ni nani aliyemkagua. Mchungaji akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Kwa mtu wa kazi yake lile lilikuwa swali la kawaida. Alikuwa amepasua kondoo wengi kuliko anavyoweza kukumbuka mtu, na wengi waliotembea vizuri walikuwa na minyoo kwenye ini. Mchungaji alikuwa mtu mwenye busara. Hakumjibu. Alimwambia akasome mwenyewe zile habari nne za maisha ya Mwokozi, asome kama anavyofanya kazi.

Alisoma kwa miaka, polepole, akirudi nyuma mara kwa mara. Kuhusu maisha ya Mwokozi aliridhika. Hakuridhishwa na wanafunzi wake waliomsifu, kwa kuwa hao walikuwa rafiki zake. Aliridhishwa na hakimu, mtu wa serikali ya kigeni, asiye ndugu wala jamaa, aliyemhoji na kutangaza mbele ya umati kwamba haoni kosa, halafu akamtoa auawe. Marehemu alisema afisa wa namna hiyo angefukuzwa machinjioni kabla ya saa ya chai, lakini alichosema kimebaki pale pale.

Kuhusu kufufuka alikuwa na shida kubwa zaidi, kama tunavyoweza kutarajia kwa mtu aliyejua kifo kwa karibu namna ile. Alimlaumu yule mwanafunzi aliyesema hataamini mpaka atie kidole kwenye majeraha. Alisema hakuna mahali palipoandikwa kwamba kidole kilitiwa, na kwamba mkaguzi anayetangaza atakata kisha asikate ni mvivu. Lakini wale akina mama waliokwenda kaburini asubuhi aliwakubali. Walikwenda kufanya kazi, alisema, na manukato yao mkononi. Hawakwenda kutafuta muujiza. Tena walipokuta hayupo waliogopa wakakimbia, na mwongo haanzi hadithi yake kwa kukimbia.

Kilichobaki ni kifo. Hapo alikwama. Kwamba mtu asiye na kosa aliuawa, alilielewa, maana huliona kila mtu anayesoma gazeti. Kwamba alikubali mwenyewe, kwa hiari, afe kwa ajili ya watu ambao hawakumwomba, na kwamba tunda la kifo hicho linatolewa bure kwa anayelitaka, hilo lilimpa shaka mbaya. Alimwambia mchungaji, "Ng'ombe hafi kwa ajili yangu. Anauawa kwa ajili yangu, najua nani kamleta na anataka nini. Huyu wenu amejileta mwenyewe. Anataka nini?" Mchungaji alimpa majibu mengi ya kweli. Yeye aliyasikiliza yote, akasema hagongi muhuri kwa kuambiwa.

Yupo mtu mmoja ambaye hatuwezi kumruka katika wasifu huu, na ameruhusu atajwe. Ni mzee wa kanisa mwenye bucha karibu na stendi. Mwaka 2004 marehemu alikataa fahali wake mzima, mzoga wote, kwa kifua kikuu kilichokuwa kwenye tezi na kusambaa mapafuni. Mzoga ulichomwa. Mzee alishuku kwamba ametumwa na wenye bucha wengine, na alilisema hilo waziwazi. Tangu siku hiyo salamu zao zilikuwa za lazima tu. Katika kikao cha wazee alisema huyu mama haji kuabudu, anakuja kukagua. Maneno yalimfikia. Walipokutana mlangoni Jumapili iliyofuata alimwuliza, "Na wewe, Mzee, unaogopa nikate wapi?"

Mwishoni mwa mwaka 2022 alianza kukohoa na kupungua mwili. Picha ya kifua ilipochukuliwa aliomba kuiona. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akasema, "Hili pafu ningelikataa." Daktari alimwuliza kama naye amesomea udaktari. Alijibu kwamba amesomea kidogo, ila wagonjwa wake huwa wamekwisha kufa. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imekwenda mbali. Tarehe 22 Mei mwaka huu alilazwa katika chumba kidogo mwisho wa wodi, chenye kitanda, kiti cha chuma, mtungi wa oksijeni na dirisha lenye kioo kilichopasuka pembeni, ambacho mumewe alikitazama kila alipoingia kama mtu anayesikia mlango ukigongwa.

Alhamisi tarehe 1 Juni mchungaji wetu wa sasa alimtembelea. Mume na binti walikuwa wametoka kwenda kununua dawa. Waliporudi walimkuta mchungaji ukumbini, uso umemchangamka. Aliwaambia kwamba mama amempokea Mwokozi. Alimwuliza swali, naye akaitikia kwa kichwa, zaidi ya mara moja, na kumshika mkono kwa nguvu. Habari zilitangulia kufika nyumbani kabla yao. Jioni ile ile akina mama wa kwaya walikuja kuimba uani, na ikapangwa kwamba jina lake litasomwa kanisani Jumapili kati ya waliompokea Bwana.

Mzee mwenye bucha alipoambiwa, aliuliza swali moja tu: nani mwingine alikuwepo.

Haikuwa rahisi kusikia, lakini swali hilo lilikuwa limekwisha kumwingia mume wa marehemu pia. Ndiye aliyepaswa kufurahi kuliko wote. Kila alipopokea mkate mbele, kwa miaka yote ile, alirudi kwenye benchi akiwa na hofu ile ile, kwamba yule anayekaa karibu naye hatakuwa naye siku ya kufufuliwa. Sasa alipewa alichokiomba, naye hakuweza kukishika. Alimjua mkewe. Asiyekubali tarehe yake ya kuzaliwa asingekubali jambo hili katika muda wa kwenda duka la dawa na kurudi.

Ijumaa alimwuliza. Binti alikuwepo, akikunja khanga miguuni pa kitanda, na haya tunayapata kwake.

"Mchungaji amesema umekubali. Ni kweli, Mama, au ulimwonea huruma?"

Ilimchukua marehemu muda kupata pumzi. Alisema mchungaji ni kijana mwema, ila aliweka mguu wa kiti juu ya mrija wa oksijeni. Yeye alikuwa akimwonyesha kwa kichwa asogee.

"Na mkono?"

"Nilikuwa namsukuma."

Fundi aliinama akachunguza mrija. Alama ya kuminywa ilikuwepo kweli. Marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, alimtazama akasema jambo ambalo binti hakulitegemea kutoka kwake. "Lakini ukitaka, liache. Likusaidie. Mimi nitakuwa nimekufa, sitabisha."

Binti naye alimshika baba yake ukumbini akamwomba anyamaze. Alimwambia hakuna anayeumizwa na kunyamaza, mama mwenyewe ameruhusu, na bila hivyo hawana uhakika wa mazishi ya kanisa. Yote aliyosema yalikuwa sahihi. Familia haifichi kwamba wengi wetu tulikuwa upande wa binti.

Jumamosi asubuhi Fundi alivaa shati la Jumapili, akaenda ofisi ya mchungaji. Alimkuta na wazee wawili, mmoja wao akiwa mwenye bucha. Aliwaeleza habari za kiti na mrija. Akaomba jina la mkewe lisisomwe. Mchungaji alifunika uso kwa mikono. Mzee mwenye bucha alisema alijua, na hakusema zaidi. Walipomweleza kwamba kwa hali hiyo hawawezi kuahidi kumzika wao, Fundi alisema ameelewa, akawaaga.

Alasiri alirudi wodini. Marehemu alikuwa ameinuliwa kwa mito.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Hawaahidi kukuzika. Tutaangalia namna nyingine."

"Na wewe unaamini tukiachana hapa, basi. Hatuonani tena."

"Ndivyo ninavyoamini. Inaniua, Mama."

Alimtazama kwa ukali. "Ulikuwa na neno la mchungaji. Ungelala. Umepata nini kwa kulirudisha?"

"Sijapata kitu."

"Basi unataka nini?"

Binti anasema baba yake alionekana kama mtu aliyechoka kubeba kioo kikubwa na hana pa kukiegemeza. Akasema, "Nakutaka wewe. Wasome jina lako Jumapili, wewe mwenyewe humo, jina peke yake nilifanyie nini?"

Mtungi wa oksijeni ulikuwa ukitoa mapovu. Marehemu alipozungumza tena ilikuwa kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia kazini anaporudia kitu alichodhani amekimaliza.

"Na huyo Mwokozi wako. Ndicho anachotaka? Mtu mwenyewe?"

"Ndicho hicho. Sijawahi kusikia kingine."

"Mbona hamkusema hivyo tangu mwanzo?"

"Tulisema. Labda tulikuwa tunaimba."

Jumapili jina halikusomwa, na minong'ono ikawa mingi kuliko kama lingesomwa. Marehemu hakuijua. Siku hizo alikuwa akimtaka mumewe amsomee habari za mateso na kifo cha Mwokozi, akimsimamisha, akimrudisha nyuma. Kila Mwokozi alipopata nafasi ya kujiokoa asiichukue, alisema, "Soma tena hapo." Jumatatu alilia. Binti yake alikuwa hajawahi kumwona akilia, akadhani ni maumivu, akamwita muuguzi. Marehemu alimwambia muuguzi arudi kwenye kazi yake.

Kisha aliomba aletewe wazee, mchana, saa za kutembelea wagonjwa, mlango ukiwa wazi. Alitaka mzee mwenye bucha awe wa kwanza kumhoji. Mumewe alimwambia huyo hatamhurumia. Alijibu kwamba ndiyo sababu.

Walikuja Jumatano tarehe 7 Juni. Mzee mwenye bucha alikataa kukaa. Alimwuliza kwa nini sasa, akiwa kitandani, na kama si woga wa kufa.

"Naogopa," marehemu alisema. "Nani kakwambia siogopi? Lakini ingekuwa woga, ningekubali Alhamisi, nilipokuwa sina pumzi."

"Unaamini nini basi? Kwa maneno yako, si ya Fundi."

Alisema kwa kituo, akipumzika katikati. Kwamba Mwokozi aliishi bila doa, na waliomchukia walimkagua wakashindwa kulipata. Kwamba alikufa kwa hiari, kwa ajili ya watu wenye doa, naye ni mmoja wao, na yeye alikuwa akitafuta doa kwa wengine tangu alipopanda kigoda cha jikoni. Kwamba alifufuka. "Nilidhani anataka kitu changu," alisema. "Kumbe ananitaka mimi. Sina kingine cha kukuonyesha, Mzee. Kata unapotaka."

Mzee akauliza kuhusu fahali wake.

"Yule alikuwa mgonjwa," marehemu alisema. "Hilo halibadiliki."

Ukumbini ndugu walikuwa wamejaa, na wanakwaya kadhaa. Mzee mwenye bucha alipotoka walimzunguka. Ameturuhusu tuyaweke hapa aliyosema, na amekaa katikati yetu leo, kwa hiyo akisahihisha tutamsikia. Alisema alikwenda akitegemea atababaika, na kusema kweli alitaka ababaike. Hakubabaika. "Mtu anayetaka kufurahisha kila mtu kabla hajafa," alisema, "angenipa fahali wangu. Amenikatalia. Basi na hilo lingine alilosema ni kweli."

Ndivyo kanisa lilivyofika kumzika marehemu. Lilipokea ushahidi wa mtu ambaye hakuwa na hamu ya kuutoa.

Mchungaji alimletea meza ya Bwana pale pale, akitazama kwanza mahali pa kuweka kiti. Marehemu aliupokea mkate, akaugeuza, akautazama pande zote mbili, akala. Mumewe alikula pamoja naye, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao.

Asifikiri mtu kwamba alibadilika akawa mwingine. Siku zilizobaki aliendelea kumshuku muuguzi wa zamu ya asubuhi kwamba anapunguza dawa, na tunasikitika kusema kwamba alimkosea, kwa maana dawa ilipimwa mbele yake na ilikuwa kamili. Alimwomba radhi. Maswali nayo hayakuisha. Siku mbili kabla ya kufa alimwuliza mumewe mwili uliochomwa, au uliooza ukaisha kabisa, utafufuliwaje, vitakusanywa vipi vipande. Fundi alisema hajui. Alijaribu kufikiri, akasema tena hajui.

"Sawa," marehemu alisema. "Nitamwuliza mwenyewe."

Alifariki Jumanne tarehe 20 Juni 2023, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa ameshika mkono wake.

Ameacha mume, binti mmoja na mkwe, wajukuu wawili, na mdogo wake wa kiume anayewasomea wasifu huu. Kaka yake mkubwa alitangulia. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, mchungaji, wafanyakazi wa machinjio waliobeba jeneza, na mzee wa kanisa aliyetajwa. Waliokuja leo wakiwa bado na shaka wamekaribishwa kukaa nasi baada ya mazishi na kuuliza chochote. Yeye mwenyewe angewapisha kwenye benchi.

Apumzike kwa amani, mikononi mwa yule ambaye yeye alimhoji kwa miaka mingi, naye hakuchoka kumngoja.